Niliambiwa nimeteguka tu, kumbe mfupa ulivunjika: je nina kesi?

Swali la msomaji: "Habari wakili. Miezi mitano iliyopita niliteleza kwenye ngazi nikaangukia mkono wa kulia. Nikaenda hospitali siku hiyohiyo, wakapiga eksirei, daktari akasema hakuna kilichovunjika nimeteguka tu, nikapewa dawa za maumivu na bendeji nikarudi nyumbani. Maumivu hayajawahi kuisha. Mwezi uliopita nimeenda kwa daktari wa mifupa, akasema kuna mfupa mdogo kwenye kifundo cha mkono ulivunjika tangu siku ile, haujaunga, na kipande kimoja kinakufa kwa kukosa damu, nahitaji operesheni. Mimi nashona nguo, huo mkono ndo kazi yangu. Je nina kesi? Nianzie wapi? Na huyu daktari wa pili anasema hayuko tayari kuandika kitu cha kumchongea mwenzake, hapo nafanyaje?"

Pole sana dada yangu. Kabla hata ya kuongelea kesi naomba tuanze na mkono wenyewe maana nimeshaona watu wanakosea hapa na kosa lake halirudi nyuma. Usiahirishe matibabu kwa ajili ya kesi. Kuna watu wanajiambia nikitibiwa hakimu hataona nilivyoumia, wanakaa na mkono mbovu mwaka mzima wakisubiri mahakama, na mwisho wa siku hospitali inasimama inasema huyu angetibiwa mapema angepona zaidi, kwahiyo madhara ya huo mwaka ni ya kwake mwenyewe, na sheria kwenye hilo iko upande wa hospitali, kwa sababu aliyeumizwa anatakiwa naye afanye kinachowezekana kupunguza hasara. Kama daktari wa mifupa anasema operesheni, na umeridhika na maelezo yake au umesikia maoni ya mwingine, nenda. Cha kufanya kabla ni kuhakikisha picha zako za sasa zimehifadhiwa, na baada ya operesheni uombe nakala ya ripoti ya operesheni, ile anayoandika daktari mwenyewe, maana pale ndo ataandika alichokiona kwa macho: mfupa umevunjikia wapi, kipande kina damu au hakina, gegedu imelika kiasi gani. Hiyo karatasi moja inaweza kuwa na nguvu kuliko mashahidi watano.

Sasa je una kesi? Inawezekana kabisa, ila jibu la uhakika halipo kwenye ulichoniandikia, lipo kwenye faili lako la siku ya kwanza na kwenye sehemu mfupa ulipovunjikia. Ngoja nieleze kwa nini.

Kesi ya uzembe wa kitabibu inasimama kwa miguu mitatu. Kwanza kwamba hospitali ilikuwa na wajibu kwako, na hili halina ubishi, walishakupokea wakakuhudumia basi wajibu upo. Pili kwamba walifanya chini ya kiwango ambacho daktari wa kawaida mwenye ujuzi huo angefanya. Tatu kwamba huo uzembe ndo umeleta madhara unayoyalalamikia. Watu wengi wanatumia nguvu zote kwenye mguu wa pili, wanakuja kwangu na hasira za haki kabisa za kuonyesha daktari alikosea, ila kesi nyingi za majeraha yaliyokosa kugunduliwa zinakufa kwenye mguu wa tatu. Ukikumbuka kitu kimoja tu katika yote ninayokuandikia kumbuka hiki: hudai kwa sababu mfupa ulivunjika, na wala hudai kwa sababu haukuonekana, unadai ile tofauti kati ya mkono ulio nao leo na mkono ambao ungekuwa nao kama wangeuona siku ile.

Tuchukue mguu wa pili kwanza. Maelezo yako yanafanana sana na mfupa unaoitwa skafoidi, uko upande wa kidole gumba, na ndo mfupa mdogo wa kifundo unaovunjika mara nyingi zaidi mtu akiangukia kiganja. Huo mfupa ni mashuhuri kwa kujificha, yaani eksirei ya siku ya kwanza inaweza kuwa safi kabisa na mfupa umevunjika. Ndo maana daktari yeyote wa emajensi anafundishwa kwamba mtu ameangukia mkono ulionyooshwa, ukibonyeza kile kishimo kinachotokea chini ya kidole gumba anaruka kwa maumivu, basi hata kama picha haionyeshi kitu unamfunga plasta au banzi kama vile umevunjika, unamwambia arudi baada ya siku 10 mpaka 14 apigwe tena, au unampiga MRI mapema, kile kipimo cha picha kinachotumia sumaku, ambayo inaonyesha kile ambacho eksirei haioni. Hii sio elimu ya mabingwa, ni ya mwanzo kabisa.

Kwahiyo kutoonekana peke yake sio uzembe, na hapa naomba unielewe vizuri maana watu wakisikia hivi wanadhani natetea madaktari. Kipimo ambacho mahakama nyingi zinazofuata mfumo wa Uingereza zinakitumia kilitokana na kesi ya Bolam ya mwaka 1957, mgonjwa alivunjika mifupa ya nyonga wakati wa tiba ya umeme ya ugonjwa wa akili, na kesi akashindwa, kwa sababu ilionekana daktari alifanya kitu ambacho kundi la madaktari wenye kuheshimika wangekikubali. Baadaye mwaka 1997 kesi ya Bolitho ikaongeza kwamba haitoshi kuleta tu madaktari wawili watatu waseme na sisi tungefanya hivyohivyo, hayo maoni yao lazima yawe na mantiki. Siku hizi nchi nyingine zimekirekebisha hicho kipimo kwa namna zao ila swali la msingi bado ni lilelile, daktari makini wa ngazi ileile, kwenye mazingira yaleyale, angefanya nini?

Na kwako hilo swali linagawanyika mara mbili kutegemea ile picha ya kwanza inasemaje. Kama mtaalamu wa picha akiiangalia leo anaona ufa, yaani ulikuwepo pale na haukusomwa, kesi yako ni ya kusoma picha vibaya, na hizo kidogo ni nyepesi kuzithibitisha kwa sababu ushahidi uko wazi mbele ya kila mtu (ingawa hospitali watasema kuona ufa ukiwa tayari unajua upo ni rahisi, na hapo wana hoja kiasi, ndo maana anayeisoma upya ni vizuri aisome kabla hajaambiwa kilichotokea baadaye). Ila kama picha kweli haionyeshi kitu, kesi inahama kabisa, inakuwa ni ya uchunguzi wa mkono: je alibonyeza kile kishimo? Aliandika alichokikuta? Aliomba picha za pembe maalum za skafoidi au alipiga mbili za kawaida za kifundo akaishia hapo? Alikwambia urudi? Usije ukakata tamaa ukisikia "picha ilikuwa safi", maana picha safi kwa mtu mwenye maumivu pale ndo hasa wakati ambao tahadhari inatakiwa.

Sasa mguu wa tatu. Kuna kesi ya Uingereza inaitwa Hotson, iliamuliwa na mahakama ya juu kabisa mwaka 1987, na inafaa kila mwenye shida kama yako aijue. Mtoto wa miaka 13 alianguka kutoka kwenye mti akaumia nyonga, akapelekwa hospitali, hawakugundua, wakamrudisha nyumbani, akakaa siku 5 na maumivu makali ndo ikagundulika. Nyonga ikafa kwa kukosa damu akabaki na ulemavu. Hospitali wenyewe walikubali kwamba walizembea. Unaona kabisa hapo kesi imeisha si ndio? Haikuisha. Ushahidi wa kitaalamu ulionyesha kwamba hata wangegundua siku ileile kulikuwa na uwezekano wa 75% kwamba nyonga ingekufa tu, kwa sababu mishipa ya damu ilishaharibika palepale alipoanguka. Jaji wa kwanza akampa 25% ya fidia kwa ile nafasi aliyoipoteza, ila mahakama ya juu ikafuta, ikasema swali ni kuwa ipi ina uwezekano mkubwa zaidi, na jibu ni kwamba ulemavu ulitokana na kuanguka na sio na kuchelewa. Akabaki na paundi 150 tu za maumivu ya zile siku 5. Mimi kila nikiirudia hii kesi inaniuma kwa ajili ya yule mtoto, ila ndo sheria ilivyo kwenye nchi nyingi, lazima uvuke nusu, uonyeshe kwamba ungetibiwa kwa wakati ingekuwa zaidi ya nusu kwa nusu kwamba ungepona vizuri. Kuna maeneo machache duniani yanayokubali kulipa kwa nafasi iliyopotea lakini usijenge kesi yako juu ya hilo kabla hujajua huko uliko wanafuata lipi.

Ila sikwambii haya nikukatishe tamaa, kinyume chake, mfupa wako unaweza kuwa upande mzuri wa huo mstari. Skafoidi inapata damu kwa njia ya ajabu kidogo, mishipa mingi inaingilia upande wa mbele ulio karibu na vidole halafu damu inarudi nyuma kuelekea upande wa kiwiko. Mfupa ukivunjika kati, kile kipande cha nyuma kinaweza kukatiwa damu. Sasa zile zilizovunjika katikati na vipande havijaachana, zikifungwa plasta mapema, nyingi mno zinaunga, tunaongelea tisa kati ya kumi na zaidi. Zikikaa bila kufungwa zaidi ya wiki 4 hivi hatari ya kutokuunga inapanda sana. Kwahiyo kama yako ilivunjika katikati na haikuwa imeachana siku ya kwanza, uko mahali tofauti kabisa na yule mtoto, mtaalamu anaweza kusema bila kuuma maneno kwamba plasta ya siku ile ingekuokoa na operesheni. Lakini kama ilivunjikia kwenye ncha ya nyuma kabisa, hizo hata zikitibiwa vizuri tangu mwanzo zinasumbua na zinakufa mara nyingi, na hapo hospitali watakuja na hoja ya Hotson moja kwa moja. Ndo maana nilisema mwanzoni jibu liko kwenye sehemu mfupa ulipovunjikia. Muulize daktari wako hilo swali kwanza kabla hujamlipa wakili yeyote.

Na ile tofauti niliyokwambia inahesabiwa hivi. Hata wangeugundua siku ile ungekaa na plasta wiki 8 mpaka 12 hivi, ungekosa kazi kipindi hicho, ungesikia maumivu. Hivyo huwezi kuvidai, vilikuwa vyako kwa sababu ya kuteleza. Unachodai ni vilivyozidi hapo: miezi ya maumivu iliyoongezeka, operesheni ambayo usingehitaji, kupandikizwa kipande cha mfupa na kuwekwa skrubu kama watafanya hivyo, muda wa pili wa kukosa kazi, mkono kukosa nguvu au kutokukunja vizuri, athraitisi ya kifundo, yaani kiungo kuuma na kukakamaa, inayoweza kuja miaka ya mbele, na kwa mtu anayeshona, kushuka kwa uwezo wa kuingiza kipato. Hilo la mwisho kwako ndo kubwa kuliko yote, kwahiyo anza leo kukusanya: daftari la oda, risiti, meseji za wateja uliowarudishia vitambaa, malipo ya simu, chochote kinachoonyesha ulikuwa unapata kiasi gani kabla na kiasi gani baada. Wanaojiajiri wengi wanapoteza hapa, sio kwamba hawakupata hasara, ila hawana karatasi.

Kwenye kuanzia wapi: faili. Nenda hospitali ya kwanza, kwa maandishi, bila ugomvi, uombe nakala ya faili lako lote la siku ile. Usiseme unataka kushtaki, huna haja, ni haki ya mgonjwa kupata kumbukumbu zake kwenye nchi nyingi na sababu hulazimiki kutoa. Omba maelezo ya daktari, ya nesi wa mapokezi (mara nyingi nesi ndo ameandika "maumivu chini ya kidole gumba" wakati daktari hajaandika kitu), fomu ya kuombea eksirei, ripoti ya eksirei, na picha zenyewe sio ripoti peke yake, zile za kidijitali kwenye diski au flashi, maana picha iliyopigwa na simu juu ya skrini haimsaidii mtaalamu. Weka nakala ya barua yako ikiwa na tarehe na sahihi ya aliyeipokea. Halafu kaa chini uandike mwenyewe kila unachokumbuka, ulivyoanguka, nani alikushika mkono, alibonyeza wapi, aliongea nini, nani alikuwepo, na kila siku uliyorudi kulalamika maumivu au kununua dawa.

Na angalia sana karatasi uliyopewa unaondoka. Niliwahi kushika faili la kijana mmoja mwenye jeraha kama lako hilihili, daktari hakumfunga, picha ilikuwa na ufa unaoonekana, tukawa tunajua tumeshinda, mpaka lilipokuja faili kamili na chini kabisa kwa mwandiko wa haraka imeandikwa "arudi baada ya siku 10 kama maumivu yapo". Hakurudi mpaka mwezi wa tatu tangu aumie. Kesi haikufa ila ilipungua vibaya. Kama na yako ina mstari kama huo nataka uujue wewe kwanza kabla hawajakuonyesha wao, na kama haina basi hilo nalo ni jambo, kumrudisha mtu nyumbani bila kumwambia lini arudi na dalili gani zimfanye arudi ni kosa linalosimama lenyewe. Na kama unavuta sigara mwambie wakili wako ukweli, sigara inachelewesha mfupa kuunga na watauliza.

Muda sasa. Hapa sina maneno laini: kila nchi ina ukomo na ukipitwa umepitwa hata uwe na ushahidi wa kujaza kabati. Uingereza kwa mfano ni miaka 3, ikihesabiwa tangu siku ulipoumizwa au siku ulipojua (au ulipaswa kujua) kwamba umeumia kwa kitu walichofanya au walichoacha kufanya, kwahiyo kwa mtu kama wewe saa ingeweza kuanza pale kwa daktari wa pili. Lakini sehemu nyingine saa inaanza siku ya kosa lenyewe hata kama hukujua. Na kama hospitali ni ya serikali, sehemu nyingi muda ni mfupi zaidi na kuna notisi ya lazima kuwapa kabla ya kufungua kesi. Kwahiyo hesabu tangu siku ulipoanguka, ndo salama, na ukamuone wakili wiki hii kwa swali hilo moja tu: mwisho wangu ni tarehe ngapi? New Zealand wao waliachana na huu mchezo tangu 1974, wana mfuko wa taifa unaolipa majeraha bila kumtafuta mwenye makosa, na natamani kwingine kuwe hivyo, ila kama huko uliko hakuna basi ndo hii njia.

Ukienda kwa wakili usimchukue tu kwa sababu alishinda kesi ya ardhi ya mjomba wako, muulize ameshafanya kesi ngapi za hospitali, anadai malipo vipi, na nani analipa ripoti za wataalamu maana ndo gharama inayowashtua watu. Utahitaji pengine wataalamu wawili: mmoja wa emajensi kueleza daktari wa emajensi alipaswa kufanya nini (bingwa wa mifupa hafai hapo, watasema anapima wenzake kwa kipimo cha bingwa), na mwingine wa mifupa kueleza kuchelewa kumeleta nini. Ripoti ya kwanza ikija vibaya sikiliza, usitafute wa pili wa tatu mpaka upate anayekubali, mahakama zinawajua hao.

Malalamiko kwa baraza la madaktari ni njia nyingine na haizuii kesi, ila baraza kazi yake kubwa ni kumuwajibisha daktari, kwa kawaida halikupi fidia. Malalamiko kwa uongozi wa hospitali yanaweza kukupa majibu mapema na mara nyingine wanajitolea kulipa operesheni. Wakijitolea pokea simu kwa heshima, washukuru, na usisaini kitu hata kimoja siku hiyo, maana kwenye hiyo karatasi huwa kuna sentensi inayosema huna dai lingine tena, na wewe hujui bado mkono utaishia wapi. Kuomba radhi kwao usikuchukulie kama ushahidi wala usikukatalie, wengine wanaomba radhi kwa moyo kabisa. Na tafadhali jina la huyo daktari usiliweke mtandaoni, utageuka mshtakiwa.

Mwisho ni huyu daktari wako wa pili. Mwelewe kwanza, anafanya kazi na hao watu, na kiukweli wewe humhitaji aseme mwenzake alikosea, hiyo sio kazi yake hata mahakamani, ni kazi ya mtaalamu huru ambaye hajakutibu. Yeye anachotakiwa ni kuandika alichokiona tu, na hicho ni wajibu wake kama daktari wako. Mwendee umwambie hivi: "Daktari, sikuombi umseme mtu. Naomba ripoti ya hali yangu: mfupa gani umevunjika, sehemu gani ya mfupa, unaonekana ni wa muda gani, vipande vimeachana au la, damu inafika au haifiki, matibabu gani nahitaji, na mkono unatarajia uwe vipi baada ya hapo." Karibu madaktari wote wataandika hiyo bila shida, na ndani ya hizo sentensi saba kila ambacho mtaalamu wako atakihitaji kitakuwemo.